Hisia ya Ndani na Upokeaji katika Tiba ya Mikono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ya wanagenzi wa kukanda na wa tiba ya kuwekea mikono hapa Dodoma, pamoja na maswali ya ndugu wa wagonjwa wanaotaka kujua kwa nini mhudumu mmoja huanzia mabegani na mwingine miguuni kwa mtu yuleyule. Majibu yameandikwa na mtu anayeifanya kazi hii na kuifundisha, kwa hiyo penye maoni yake yasomwe kuwa ni maoni.

Mnaposema mhudumu aiamini hisia yake ya ndani, mnamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha kwamba mhudumu aliyekwisha kujifunza utaratibu wa kazi hauachi utaratibu huo umzuie kumwona mtu aliye mbele yake. Chukua mgonjwa aliyelala kifudifudi. Utaratibu unasema uanzie kiunoni na kupanda kufuata uti wa mgongo, lakini mkono ulipotua tu kiunoni pumzi yake imekatika na vidole vya miguu vimejikunja. Mhudumu anayesimama hapo, akatuliza kiganja bila kukandamiza na kungoja pumzi irudi, ameipokea habari aliyopewa na mwili. Yule anayeendelea kwa sababu hatua ya tatu hufuata hatua ya pili, hata akiikamilisha kazi yake bila kosa lolote, mgonjwa atainuka na maumivu yaleyale na pengine na mapya.

Hisia tunayoizungumzia mara nyingi ni jicho, sikio na ngozi ya kiganja vikileta habari kwa haraka kuliko mtu anavyoweza kuieleza kwa maneno. Wapo wanaoamini kwamba kuna zaidi ya hayo, na hatubishani nao. Hata hivyo, kuna kanuni moja inayowahusu wote, na majibu mengi ya ukurasa huu yanaitegemea: hisia ya ndani ina ruhusa ya kuongeza tahadhari wakati wowote, lakini haina ruhusa ya kuipunguza hata mara moja. Machale yakikucheza ukahisi kwamba usimkande mtu huyu leo, usimkande. Moyo ukikuambia kwamba mtu huyu hana haja ya kwenda hospitali, usiufuate.

Je, huu si mlango wa uvivu kwa watu wasiotaka kujifunza?

Unaweza kuwa hivyo, na tumewaona wanaoutumia hivyo. Mtu asiyejua mfupa wa nyonga uko wapi hawezi kusema ameongozwa kwenye nyonga, ameangukia tu. Kwa sababu hiyo mwanagenzi wetu hujifunza kwanza mpangilio kamili wa mwili mzima, akaurudia hadi mikono yake iufanye bila yeye kuufikiria, ndipo anaporuhusiwa kuuacha.

Historia ya reiki, tiba ya Kijapani ya kuwekea mikono ambayo siku hizi ina wafuasi katika miji yetu mikubwa, inaonyesha vizuri namna mambo haya mawili yanavyovutana. Mjapani Mikao Usui alianza kuifundisha mwaka 1922 na akafariki mwaka 1926. Katika njia yake mwanafunzi alizoezwa kuhisi kwa kiganja mahali palipo na tatizo, na pia kutulia kwanza na kuuacha mkono uende unakovutwa. Mwanafunzi wake Chujiro Hayashi, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliwapa wanafunzi mwongozo wa mahali pa kuweka mikono kufuatana na maradhi. Katika miaka ya 1930 Hawayo Takata alijifunza kwa Hayashi na kuipeleka njia hiyo Hawaii, na kutoka kwake ndiko ulikoenea zaidi katika nchi za Magharibi ule mpangilio wa mikono usiobadilika ambao wengi huudhani ndio reiki yenyewe. Kwa maoni yangu Hayashi na Takata hawakukosea. Mpangilio unampa mgeni mahali pa kushika, unaweza kufundishwa kwa watu wengi, na unamlinda mgonjwa dhidi ya mbwembwe za mhudumu. Tatizo huanza pale mtu anapofanya kazi kwa miaka mingi huku bado akihesabu dakika za kila mkao na kutazama saa ya ukutani.

Kupokea hufanyikaje kwa vitendo?

Huanza kabla ya kugusa, na katika mkoa wetu huanza na salamu. Mzee wa Kigogo akikukaribisha kwa "mbukwa" hukimbilii kuuliza wapi panauma. Salamu zina mwendo wake, zinapita kwa watoto, mifugo na mvua, na ndani ya mwendo huo mtu huwa amekwisha kusema mengi. Mama aliyetoka Bahi kwa ajili ya "mgongo tu" akifika kwenye habari za mume aliyekwenda mjini sauti yake hushuka, na mkono wake hupanda shingoni bila yeye kujua. Mhudumu aliyekuwa anaandaa mafuta na taulo wakati wa salamu amekosa nusu ya maelezo. Kwa hiyo tunawafundisha wanagenzi kuandaa kila kitu mapema, kisha wakae chini, kimo kimoja na mgonjwa, bila simu mkononi.

Kisha huja kuomba ruhusa. Kwa mtu mzima tunasema, "Shikamoo bibi, naomba niweke mkono hapa begani," na tunangoja jibu la mdomo. Wapo wagonjwa ambao kwa heshima au kwa woga watasema ndiyo huku bega likijivuta nyuma; katika hali hiyo tunalifuata bega.

Mkono ukishatua, mwache utulie kwa pumzi kadhaa kabla haujafanya lolote. Hapa ndipo wanagenzi wengi hushindwa, kwa kuwa kukaa kimya na mkono uliotulia huwafanya wajione hawana kazi, hasa ndugu wa mgonjwa wakiwa mlangoni wanatazama. Katika utulivu huo angalia pumzi imefika wapi, kama ni kifuani au tumboni. Angalia kama upande mmoja una joto kuliko mwingine, kama msuli unakuja mkononi au unaukimbia. Watu wanaopogoa zabibu huko Hombolo na Mpunguzi, kwa mfano, hulalamikia kiuno, lakini ukitulia mara nyingi utaukuta mvutano mkubwa nyuma ya mapaja na kwenye kiganja kinachoshika mkasi. Utaratibu wa kiuno usingekufikisha kwenye kiganja.

Nitajuaje kama ninachohisi ni hisia ya kweli au ni woga na matamanio yangu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na yeyote anayekujibu kwamba "utajua tu" amekukwepa.

Msaada mkubwa nimeupata kwa watu wawili ambao si waganga. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman alikuwa akizishuku sana hisia za wataalamu, na Gary Klein alikuwa amewachunguza makamanda wa zimamoto na kuvutiwa na namna wanavyotambua hatari kabla ya kuweza kuieleza. Mwaka 2009 waliandika makala ya pamoja kuona wanatofautiana wapi, wakajikuta wanakubaliana juu ya masharti mawili. Hisia ya mtaalamu hustahili kuaminiwa pale ambapo mambo anayoyashughulikia yana mpangilio unaojirudia, na pale ambapo yeye mwenyewe amepata muda na nafasi ya kujifunza mpangilio huo, akijulishwa mara kwa mara kama alipatia au alikosea. Walisisitiza pia kwamba uhakika anaousikia mtu moyoni mwake si kipimo cha usahihi wa hisia yake.

Pima kazi yetu kwa masharti hayo. Unapohisi kwamba msuli huu uko tayari kuachia ukibonyezwa kidogo, jibu linakuja papo hapo: unaachia, au mgonjwa anakunja uso. Kwa miaka mingi ya majibu ya namna hiyo, mkono unakuwa mwalimu wa kweli. Vivyo hivyo kuhusu kama mtu ana hofu, kama anataka kusema jambo, au kama amechoka na ni vema kumaliza mapema. Lakini unapohisi kwamba uvimbe ulio ndani ya tumbo "umepungua", nani anakujibu? Mgonjwa anakushukuru na kwenda zake Manyoni. Akipona utasikia habari zake. Hali yake ikizidi kuwa mbaya, kwa kawaida hutasikia, kwa sababu atakuwa amekwenda kwa mwingine. Hisia ya namna hiyo haijawahi kusahihishwa, na miaka mingi haiongezi chochote isipokuwa ujasiri. Ndiyo sababu mhudumu mzee anaweza kuaminika sana kuhusu msuli na asiaminike hata kidogo kuhusu ini, akiwa na uhakika uleule katika yote mawili.

Kwa vitendo, tunawataka wanagenzi waandike hisia yao kwenye daftari kabla ya kumuuliza mgonjwa, kisha waulize na kuandika jibu chini yake, bila kufuta. Daftari hilo huwa chungu kusoma mwanzoni. Pia tunawaonya kuhusu hisia zinazowafaidisha wenyewe: hisia kwamba mgonjwa arudi kesho, na kesho kutwa, na alipie mapema, hisia kwamba mama mwenye gari anahitaji muda mrefu zaidi, hisia kwamba mhudumu wa mtaa wa pili anafanya mambo mabaya.

Je, kuna utafiti wowote juu ya haya?

Upo, na hautuegemei sisi peke yetu. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari cha Marekani lilichapisha jaribio lililobuniwa na msichana mdogo, Emily Rosa, aliyelifanya kwanza akiwa na umri wa miaka tisa. Wahudumu 21 waliodai kuhisi nguvu ya mwili wa mtu kwa kiganja bila kugusa walipitisha mikono yao chini ya kizuizi wasichoweza kuona upande wa pili, kisha wakaulizwa mkono wa mtoto uko juu ya mkono wao upi. Katika majaribio 280 walipatia asilimia 44, yaani chini kidogo ya mtu anayebahatisha. Jaribio hilo lilikuwa dogo, na halikupima kama mgonjwa hufarijika. Lakini mtu anayefundisha kwamba kiganja husoma ugonjwa kwa mbali anapaswa kulijibu, na mimi sijawahi kusikia jibu la kuridhisha.

Upande wa pili, mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliohusu watoto 3,890 waliotibiwa huko Flanders, Ubelgiji, ambapo madaktari waliulizwa kama walihisi kuna jambo zito hata pale dalili zilipoonyesha ugonjwa mwepesi. Hisia hiyo iliongeza kwa kiasi kikubwa uwezekano kwamba mtoto ana maambukizi makali kweli. Iliambatana na mambo kama mtoto kusinzia, kutocheka na kupumua vibaya, na zaidi ya yote na wasiwasi wa mzazi kwamba safari hii ugonjwa si kama zile nyingine. Tazama hisia hiyo ilifanya kazi gani: iliwaambia madaktari waangalie tena. Tazama pia ilitoka wapi kwa sehemu kubwa, kwani ilitoka kwa kumsikiliza mama.

Mhudumu akisema ameoteshwa, tumwamini?

Watu wengi wa umri wetu wanakumbuka mwaka 2011, wakati maelfu walipopanga foleni za magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyesema dawa hiyo alioneshwa ndotoni. Magari mengi yalitoka au kupita hapa Dodoma. Sina sababu ya kutilia shaka kwamba mzee yule aliamini alichosema, wala bei yake haikuwa ya mtu anayetafuta utajiri. Hata hivyo wapo wagonjwa waliorudi kutoka huko wakaacha dawa zao za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI, na hilo ndilo lililoleta madhara. Ndoto inaweza kumtuma mtu kwenda kumjulia hali jirani, ikamtuma kuuliza swali ambalo hakuliuliza mchana. Ikimtuma kumwachisha mtu dawa, imevuka mpaka tulioutaja mwanzoni, na aliyeoteshwa anawajibika kama ambaye hakuota.

Je, wazee wetu hawakufanya kazi kwa hisia tu?

Hapana, na tunawasingizia tunapodai hivyo. Mganga wa tiba asili katika sehemu zetu hukaa miaka chini ya mkubwa wake, mara nyingi baba, shangazi au bibi, akibeba mizizi, akijua mti upi huchimbwa upande gani na upi haupewi mjamzito. Huko Kolo, Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2006, watu bado hufika mahali panapoitwa Mongomi kwa ajili ya kuomba mvua na uponyaji. Shughuli hizo zina wenye nazo na zina taratibu zake, wala mtu hajiendei tu kwa kuwa ameamka akijisikia hivyo.

Kuna tofauti gani kati ya hisia ya ndani na ramli?

Hisia tunayoifundisha hujibu swali moja tu: mkono wangu ufanye nini sasa kwa mtu huyu? Haijibu nani kamroga. Mhudumu anayemwambia mgonjwa kwamba maumivu yake yametoka kwa mkwe au jirani anavunja familia na anaweza kusababisha kifo. Mwezi Januari mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na kila anayeifanya kazi yetu anapaswa kuelewa kwa nini. Kwetu sisi mwanagenzi anayetaja mchawi huondoka.

Je, sheria inaruhusu kazi hii?

Inaruhusu kwa masharti. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo ndilo husajili watoa huduma. Onana na mratibu wa tiba asili katika halmashauri yako kabla ya kupaka rangi kibao cha mlangoni.

Mimi ni Mkristo au Mwislamu. Je, kuifuata hisia ya ndani kunapingana na imani yangu?

Waulize viongozi wako wa dini, kwani si kazi yetu kuwasemea. Wahudumu tunaowafahamu ni Waanglikana, Wakatoliki, Waislamu wa Kondoa na wengineo, na kila mmoja huomba kwa namna yake kabla ya kazi. Tunachokataza ni mhudumu kumwambia mgonjwa kwamba Mungu ndiye aliyesema mkono uende hapo, kwa sababu baada ya maneno hayo mgonjwa hawezi tena kusema hapana.

Ni hali zipi ambazo mgonjwa apelekwe hospitali hata kama hisia yangu imetulia kabisa?

Homa ya aina yoyote ipimwe malaria kabla hujafungua chupa ya mafuta. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye shavu la mguu, hasa kwa aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au aliyelala kitandani muda mrefu, usiguswe kabisa, kwani huenda damu imeganda ndani na donge hilo likihama linaweza kufika kwenye mapafu. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na kukonda, jasho la usiku au kibyongo kinachoanza kuota yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kukanda hapo ni hatari. Mgongo ulioambatana na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya siku hiyohiyo, sawa na mdomo uliopinda ghafla, mkono uliokufa nguvu, maumivu ya kifua, au damu kwa mjamzito. Tumbo la mjamzito halikandwi kwetu, hata akiomba mwenyewe na hata kama mkunga wa kijijini kwao hufanya hivyo.

Degedege inahitaji aya yake. Bado kuna familia zinazoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, na hivyo humleta kwanza kwa mtu wa mikono au wa mitishamba. Degedege yenye homa inaweza kuwa malaria kali, na kila saa inayopotea ni ya hatari. Usimpokee mtoto huyo kwa maana ya kumtibu. Mtafutie usafiri, ukae nyuma na mama yake hadi mfike.

Aliye mjini apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na aliye mbali aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Mtu anayesikia sauti, au anayesema anataka kujiua, ana haki ya kupata huduma ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na aibu ya watu kuhusu jina la hospitali hiyo isikufanye umbakize kwako.

Nifanye nini nisipohisi chochote?

Fuata mpangilio uliofundishwa, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa upole. Siku nyingi ndivyo zilivyo, na mgonjwa hunufaika vizuri tu. Usibuni hisia ili kumridhisha mtu aliyekuja kwa sababu amesikia una kipaji.

Hisia yangu ikipingana na anachosema mgonjwa, nimfuate nani?

Mfuate mgonjwa. Akisema panauma, panauma, hata kama mkono wako umeona msuli uko laini. Akisema hapendi kuguswa shingoni, shingo imefungwa kwa siku hiyo, na huna haja ya kumtafsiria kwamba anaficha huzuni. Unaweza kumuuliza swali moja kwa sauti ya kawaida, kama vile "Huku nako vipi, mama?", kisha ukaliacha lijibiwe au lisijibiwe. Hali moja tu ndiyo tofauti: mgonjwa anasema yuko sawa na anataka uendelee, lakini wewe machale yanakucheza. Hapo unasimama, unamweleza wazi kwamba hujaridhika na hali yake, hudai malipo ya siku hiyo, na unampeleka au unamwandikia ndugu yake karatasi ya kwenda nayo zahanati.